Kusoma digrii ya biashara ya kimataifa ukiwa Dar: mwongozo kamili toka maombi mpaka kazi

Mdogo wangu unayetaka kusoma biashara ya kimataifa na uko Dar, jua kabisa umekaa sehemu nzuri kuliko unavyodhani. Bandari iko pale Kurasini, mzigo wa Zambia, Kongo, Rwanda, Burundi, Malawi na Uganda unapita hapohapo, Kariakoo kuna wateja toka Lubumbashi na Lusaka wanafungasha bidhaa kila siku, forodha wapo, balozi zipo, mabenki yapo. Alafu unakuta mtu amemaliza miaka mitatu, GPA nzuri tu, ila hajawahi kushika BL (hati ya mzigo uliopakiwa melini) mkononi na hajui mzigo ukifika bandarini nani anafanya nini. Huyo amesoma nusu. Mwongozo huu nauandika ili wewe usome yote mawili, ya darasani na ya mjini, toka mwaka wa kwanza, sio usubiri mpaka umalize ndo uanze kujifunza.

Hatua ya kwanza: chagua kozi, usikwame kwenye jina

Watu wengi wanatafuta kozi yenye maneno biashara ya kimataifa kwenye jina lake, wasipoiona chuo wanachokitaka wanakata tamaa. Usifanye ivo. Fungua kitabu cha mwongozo wa udahili cha TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) cha mwaka huo, kinapatikana bure kwenye tovuti yao, alafu angalia ndani ya kozi kuna masomo gani. Unachotafuta ni haya: uchumi wa biashara ya nje, fedha za kimataifa, masoko ya kimataifa, sheria ya biashara, lojistiki na ugavi, takwimu. Kozi yenye manne au matano kati ya hayo inakufaa ata kama inaitwa ugavi, masoko au fedha.

Kwa Dar una machaguo mengi. Mlimani kuna shule ya biashara ya UDSM yenye digrii za komesi kwa michepuo tofauti. CBE pale Bibi Titi ipo tangu 1965 na imekaa kibiashara biashara. IFM ukitaka benki, bima na kodi. NIT Mabibo ni usafirishaji na lojistiki, na hapo kliaringi, yani kazi ya kutoa mizigo forodhani, inafundishwa kabisa. Chuo cha kodi cha TRA kina digrii ya forodha na kodi, hii watu wanaidharau wakati kwa mtu wa biashara ya nje ni dhahabu. Kuna na Chuo cha Diplomasia Kurasini kilichoanzishwa 1978 na Tanzania pamoja na Msumbiji, kama unapenda upande wa mikataba na mahusiano ya nchi na nchi. Na ukiwa tayari unafanya kazi au una duka, Chuo Kikuu Huria kinakuruhusu usome bila kuacha shughuli yako.

Maoni yangu mimi: kama hesabu zinapanda, chukua fedha au lojistiki alafu biashara ya kimataifa uijenge juu yake. Mtu mwenye ujuzi mmoja unaoshikika anapata pa kuanzia kirahisi kuliko mwenye kozi inayogusa kila kitu juu juu.

Hatua ya pili: maombi na mkopo

Vigezo vya chini kwa aliyetoka kidato cha sita ni prinsipo mbili zenye jumla ya pointi 4, ukihesabu A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Hicho ni kiwango cha chini tu, kozi zenye ushindani zinaenda juu zaidi, na baadhi zinaangalia ulifanya nini kwenye hesabu kidato cha nne. Uliyepitia diploma unatakiwa GPA ya 3.0 kwenda juu. Maombi unatuma moja kwa moja chuoni, sio TCU. Ukichaguliwa vyuo zaidi ya kimoja unathibitisha kimoja kwa namba ya siri unayotumiwa kwa meseji, na hapo kuna watu wanapoteza nafasi kwa sababu laini waliyojazia fomu ni ya binamu au imeshafungwa. Jaza namba yako mwenyewe unayokaa nayo.

Mkopo wa HESLB (bodi ya mikopo) anza kuuandaa kabla dirisha halijafunguliwa. Kinachokwamisha wengi ni cheti cha kuzaliwa kuhakikiwa RITA, na vyeti vya vifo kwa waliofiwa na wazazi, ivo vikamilishe mapema maana dirisha likiwa wazi kila mtu anakimbilia huko. Na mkopo ujue ni deni la kweli, ukiajiriwa unakatwa 15% ya mshahara wa msingi mpaka uishe, kwahiyo bumu likiingia usiligeuze mtaji wa simu mpya.

Malazi sitayaongelea sana, ila kama hujapata hosteli angalia ramani ya mwendokasi na daladala kabla hujalipa kodi ya chumba. Chumba cha bei rahisi kinachokulazimisha kubadilisha magari matatu kitakula muda wako wa kusoma mwaka mzima.

Hatua ya tatu: mwaka wa kwanza, usikimbie hesabu

Mwaka wa kwanza unapewa uchumi, uhasibu, hesabu za biashara, takwimu, kompyuta, mawasiliano. Watu wanaona hayo masomo hayana uhusiano na walichokuja kusoma, wanasubiri madesa ya mwisho wa semista, wanakula sapu. Vyuo vingi kosiweki ni 40 na mtihani wa mwisho 60, kwahiyo aliyechezea test za mwanzo anaingia mtihani akiwa tayari ana deni. GPA ni ya miaka yote, first class inaanzia 4.4, na ukiharibu mwaka wa kwanza kuipandisha baadae ni kazi ngumu mno, hesabu yenyewe inakukatalia.

Kuna nadharia moja lazima uielewe mpaka uweze kumfundisha mtu mwingine, ya faida linganishi ya mchumi David Ricardo ya 1817. Wengi wanaikariri kwa sentensi moja, ikija swali la namba wanabaki wanaangalia dari. Hebu tuifanye hapa kwa namba zake mwenyewe. Ureno kutengeneza mvinyo inahitaji watu 80 kwa mwaka na nguo watu 90. Uingereza mvinyo watu 120, nguo watu 100. Yani Ureno iko vizuri kwa vyote viwili. Swali, kwa nini sasa inunue chochote Uingereza? Usiangalie nani anatumia watu wachache, angalia kila nchi inaachia nini ikizalisha kitu kimoja. Ureno ikizalisha mvinyo inaachia nguo 80/90, kama 0.89. Uingereza ikizalisha mvinyo inaachia nguo 120/100, yani 1.2. Basi mvinyo ni rahisi Ureno. Kwa nguo geuza, Ureno inaachia mvinyo 1.125 na Uingereza 0.83, nguo ni rahisi Uingereza. Kila mmoja akizalisha vyote inahitajika jumla watu 390. Ureno ikifanya mvinyo mara mbili ni 160, Uingereza nguo mara mbili ni 200, jumla 360, vitu ni vilevile ila watu 30 wamebaki. Ukiweza kulifanya hili kwenye karatasi tupu bila kuangalia nondo, nadharia zingine zinakuja zenyewe.

Hatua ya nne: jifunze makaratasi

Hapa ndo roho ya kazi ilipo na hapa nitakaa kidogo. Biashara ya nje inaendeshwa na karatasi. Bidhaa inaweza kuwa nzuri, mteja yupo, hela ipo, karatasi moja ikakosewa mzigo unakaa bandari kavu unahesabiwa siku, gharama zinapanda.

Anza na Incoterms. Hivi ni vifupisho vya kimataifa vinavyosema muuzaji anaishia wapi na mnunuzi anaanzia wapi, toleo linalotumika ni la 2020 na viko 11. Ukimsikia mtu wa Kariakoo anasema amepewa bei ya FOB Shanghai maana yake muuzaji anahakikisha mzigo umepakiwa melini Shanghai, toka hapo nauli, bima na hatari zote ni za mnunuzi. CIF Dar maana yake muuzaji amelipa nauli na bima mpaka Dar. Sasa sikiliza vizuri maana mtihani unapenda hapa: kwenye CIF hatari inahamia kwa mnunuzi palepale mzigo ukipakiwa melini huko ulikotoka, sio ukifika Dar. Anayelipa nauli na anayebeba hatari ni vitu viwili tofauti. Na bima ya CIF ni ile ya kiwango cha chini kabisa, ukitaka kubwa zaidi lazima mkubaliane kwenye mkataba.

Alafu kaa na hesabu ya ushuru. Tuseme mtu ameagiza bidhaa FOB dola 10,000, nauli 1,500, bima 150. CIF yake ni 11,650, na forodha wanaanzia kwenye hiyo, sio kwenye bei ya dukani. Ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki una ngazi za 0%, 10%, 25% na 35% iliyoongezwa 2022. Bidhaa hii ikiwa ya 25% ushuru ni 2,912.50. VAT ya 18% haipigwi kwenye CIF peke yake, inapigwa kwenye CIF jumlisha ushuru, yani 14,562.50, unapata 2,621.25. Hapo bado tozo nyingine zinazobadilika na bajeti ya kila mwaka, bado gharama za bandari na wakala. Fanya zoezi hili kwa bidhaa tofauti tofauti mpaka uzoee, alafu jaribu kutafuta namba ya HS ya kila bidhaa mwenyewe, yani namba ya kuainisha bidhaa forodhani. Tarakimu sita za mwanzo ni zilezile dunia nzima, zinazofuata ni za kwetu huku. Kuiainisha bidhaa vizuri ni ujuzi unaolipa, maana namba ikikosewa unaweza kujikuta toka 10% umeingia 25%.

Karatasi zenyewe unazotakiwa kuzijua kwa sura: ankara ya biashara, orodha ya mzigo, BL, cheti cha uasilia, hati ya bima, tamko la forodha. Zitafute zilizokwisha kutumika, zifutwe majina ya wahusika, uzisome moja moja. Wakala yoyote wa forodha ana makabati yamejaa. Cheti cha uasilia kipe uzito, kwa sababu mtu anadhani akinunua bidhaa ya China Kariakoo akaipeleka Zambia itapita bila ushuru kwa kuwa sisi wote tuko SADC, hapana, nafuu ni ya bidhaa iliyozalishwa ndani ya jumuiya kwa masharti yake.

Na LC (letter of credit), yani barua ya benki ya kuahidi malipo, ichore kwenye karatasi. Mnunuzi anaomba benki yake itoe ahadi, benki ya muuzaji inapokea taarifa, muuzaji anapakia mzigo, anapeleka nyaraka, benki inakagua nyaraka, inalipa. Benki haikagui mzigo hata siku moja, inakagua karatasi tu. Kwahiyo LC imesema magunia 500 na BL imeandika 498 hulipwi mpaka mrekebishane, ata kama korosho zako ni bora kuliko zote Mtwara.

Hatua ya tano: soma kesi za kwetu

Kwenye disikasheni na kazi za vikundi watu wanachukua kampuni kubwa za Marekani kwa sababu mtandaoni ziko tele. Lekchara ameshazisoma mara mia. Chukua za huku, zina nguvu zaidi na unazielewa kwa undani.

Mbaazi, kwa mfano. Agosti 2017 India iliweka kikomo cha mbaazi zinazoingia nchini kwake, na sisi soko letu kubwa lilikuwa India, bei kwa mkulima ikaporomoka vibaya. Hapo ndani una somo zima: kutegemea soko moja, vizuizi visivyo vya ushuru, diplomasia ya uchumi, na mtu wa Lindi anayeumia kwa uamuzi uliofanyika New Delhi.

Mitumba ni nyingine. 2016 wakuu wa Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba hatua kwa hatua ili viwanda vya nguo vikue. Wafanyabiashara wa nguo hizo Marekani wakalalamika, serikali yao ikaanza kupitia upya nafasi zetu kwenye AGOA, ule mpango wa 2000 wa kuuza kule bila ushuru. Kenya ikarudi nyuma, Tanzania na Uganda nazo zikarudi, Rwanda ikashikilia msimamo na 2018 ikasimamishiwa nafuu hiyo kwa upande wa nguo. Nenda Mchikichini pale Karume ukaangalie watu wangapi wanakula kupitia mitumba, alafu fikiria kiwanda cha nguo kinachoshindana nayo, alafu ndo uandike. Hakuna jibu rahisi hapo na lekchara anaona umefikiri.

Parachichi nayo, China ilifungua soko lake kwa parachichi zetu kwa makubaliano ya Novemba 2022. Fuatilia masharti ya afya ya mimea, vifungashio, mnyororo wa ubaridi toka Njombe mpaka bandarini. Kufunguliwa soko na kuuza ni vitu viwili.

Kwa takwimu tumia Trade Map, tovuti ya kituo cha biashara cha kimataifa ITC, unajisajili bure, unaona nani anamuuzia nani nini kwa miaka. Weka pamoja na ripoti za kila mwezi za Benki Kuu. Ukizoea hivyo viwili kazi zako zitakuwa tofauti na za darasa zima.

Hatari ya sarafu ifanyie hesabu pia. Umeuza mzigo wa dola 50,000, unalipwa baada ya siku 90, leo dola ni 2,600, siku ya kulipwa imekuwa 2,450, milioni 7.5 za kitanzania zimepotea na hujafanya kosa lolote. Sio hadithi, mwishoni mwa 2024 shilingi iliimarika haraka baada ya kushuka muda mrefu na wenye dola waliumia.

Hatua ya sita: lugha moja ya ziada

Kiingereza chako cha kuandika kiwe safi kwanza, barua pepe ya biashara yenye makosa inafukuza mteja. Baada ya hapo chagua moja uishikilie miaka yote mitatu. Kifaransa ndo chaguo langu, kwa sababu Kongo ni jirani na mteja mkubwa wa bandari yetu, na japo mfanyabiashara wa Lubumbashi mtaongea Kiswahili vizuri kabisa, karatasi za serikali yake ni za Kifaransa. Alliance Française ipo Upanga. Kichina kipo Taasisi ya Confucius pale UDSM tangu 2013, kinalipa kwa wanaotaka kuagiza. Kireno watu wanakisahau kabisa wakati Msumbiji tumepakana nayo.

Hatua ya saba: fildi na mji

Fildi isiwe sehemu ya kwenda kutoa fotokopi na kuagizwa chai. Miezi mitatu kabla andika barua za maombi na uzipeleke mwenyewe kwa mkono, kampuni ndogo za kliaringi ni bora kuliko ofisi kubwa yenye jina, maana kwenye ndogo watu ni wachache na utapewa kazi za kweli. Omba mambo matatu: kukaa na anayeandaa matamko ya forodha, kwenda bandarini au bandari kavu na anayetoa mzigo, na kusoma mafaili ya zamani. Kila jioni andika ulichokiona, ndo ripoti yako hiyo, usisubiri wiki ya mwisho.

Likizo zingine zitumie. Sabasaba ikifika, viwanja vya Mwalimu Nyerere barabara ya Kilwa, usiende kula chipsi tu, ingia mabanda ya nchi za nje, uliza bei za jumla, kiasi cha chini cha kuagiza, masharti ya malipo. Kariakoo zungumza kwa heshima na wanaoagiza mzigo China, muulize mzee au mama mwenye duka saa ya utulivu asubuhi, sio mchana wateja wamejaa. Ukimsaidia kuandika barua pepe moja kwa muuzaji wake atakufundisha mambo ambayo darasani hayafiki.

Ukiwa na uwezo, mwaka wa pili au wa tatu angalia cheti cha Afrika Mashariki cha wakala wa forodha kinachotolewa kupitia chuo cha kodi. Kinatambulika kwenye jumuiya nzima na kinakutofautisha na wenzako wenye digrii peke yake.

Hatua ya nane: utafiti wa mwisho

Chagua swali dogo unaloweza kulifikia kwa daladala. Usiandike athari za utandawazi kwa Afrika. Andika, kwa mfano, namna wauza vipodozi wa mtaa fulani Kariakoo wanavyojikinga na mabadiliko ya dola, au kwa nini wasafirishaji wa mzigo wa Zambia wanachelewa kurudisha kontena tupu. Supavaiza mpe ukurasa mmoja kwanza wenye swali, unaowahoji na jinsi utakavyowapata, akikubali ndo uendelee. Dodoso lifanyie majaribio kwa watu watano kabla hujatoa kopi, na liandike kwa Kiswahili, mfanyabiashara hatajaza karatasi ya Kiingereza, atatiki tu aondoke.

Hatua ya tisa: kutafuta kazi

Anza semista ya mwisho, sio baada ya mahafali. Tafuta kwa majina ya kazi yenyewe: msaidizi wa forodha, ofisa nyaraka, ofisa lojistiki, ofisa biashara za nje benki, mnunuzi, ofisa mauzo ya nje kwenye viwanda vya korosho, kahawa na viungo. Mawakala wa meli nao wanaajiri watu wa nyaraka. Kwenye CV usiandike una shauku ya biashara ya kimataifa, andika ulichofanya: umeandaa matamko mangapi ukiwa fildi chini ya usimamizi wa nani, unaainisha bidhaa kwa namba za HS, unakokotoa ushuru, unasoma LC, Kifaransa kiwango gani. Beba faili lenye mfano wa hesabu zako za ushuru na kurasa mbili za muhtasari wa utafiti wako, uliochapwa vizuri. Akikuuliza bosi CIF na FOB tofauti yake nini, anza na hatari inahamia wapi, ndo uje kwenye nauli.